Kuliweka Lori la Kale juu ya Mifuko ya Upepo

Wewe uliye na Bedford ya kale, uliyoirithi kwa mzee wako ama uliyoinunua kwa fedha ya korosho, na ambaye nia yako imeelekea kuzing'oa springi zake za nyuma na kuikalisha juu ya mifuko ya upepo kama yalivyokalishwa mabasi ya siku hizi yanayopita Nanganga yakielekea Masasi, sharti ujue kwanza jambo moja ambalo mafundi wengi hulitaja mwisho kabisa, tena aghalabu baada ya fedha kwisha: mfuko wa upepo huchukua uzito tu, wala haushiki kitu. Kila shauri nitakalolitoa hapa chini limetoka katika jambo hilo, na atakayelisahau atakuwa na lori linaloelea vizuri likiwa limesimama, na linalotafuta mtaro kila likishikwa breki.

Zitazame springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo Bedford zilitoka nazo kiwandani Uingereza tangu jina hilo lilipoanza kutumika mwaka 1931, hata zile za aina ya TJ, zenye pua fupi, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958. Chuma kile hubeba shehena, na kwa kuwa ncha zake zimefungwa katika chesisi huizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Kwa upana wake huizuia isiteleze kwenda kando. Kwa ugumu wake huikatalia ekseli isijipinde pale injini inaposukuma au breki inapokamata. Na kwa msuguano wa bapa juu ya bapa hutuliza mtikiso usiendelee baada ya shimo kupitwa. Hizo ni kazi tano zifanywazo na kipande kimoja ambacho hata mhunzi wa kijijini aweza kukitengeneza. Ukikitoa na kuweka mfuko wa mpira, umeajiri mtumishi wa kazi moja badala ya mtumishi wa kazi tano, na hizo nne zilizobaki ni juu yako kuzitafutia wenyewe.

Maarifa ya kubeba gari kwa upepo si ya jana. Kampuni ya Firestone ya Marekani iliyashughulikia tangu miaka ya 1930, na mwaka 1954 mabasi ya Greyhound yaitwayo Scenicruiser yalikwenda safari ndefu za nchi ile yakiwa yamekaa juu ya upepo. Lakini Marekani walianzia katika barabara za zege. Huku kwetu Kusini, ambako reli iliyojengwa kwa ajili ya Mradi wa Karanga ilifungwa mwaka 1962 na mizigo yote ikahamia juu ya malori, springi za chuma zilipata heshima yake katika mchanga mwekundu wa Newala na matope ya bonde la Lukuledi, na heshima hiyo haikuwa ya bure. Kwa hiyo kabla hujashika spana, jiulize lori hili litafanya kazi gani.

Rai yangu ni hii. Kama lori bado lavuta magunia ya korosho kutoka vyama vya msingi kwenda ghala kuu, lising'olewe springi. Gunia moja la korosho ni kilo 80, na mpakiaji hahesabu kwa makini wakati msimu umewaka na mvua ziko karibu. Lori la namna hiyo lifaa liachwe na vyuma vyake, kisha liongezwe mifuko midogo miwili kati ya chesisi na ekseli, ya kusaidia tu, ili lisilale matako likijaa wala lisirushe abiria likiwa tupu. Kazi hiyo ni ya siku chache, na hasara ya kukosea ni ndogo, madhali chuma bado kimeishika ekseli. Bali kama lori umeliweka kwa ajili ya safari nyepesi, kuchukua watu wa harusi, vyombo vya muziki, samani, ama kwa kulipenda tu, kwa kuwa hapana haja ya kuona haya kwa kupenda lori, hapo ndipo kazi kamili ya kulihamisha juu ya upepo ina maana, nayo ndiyo nitakayoieleza.

Anza kwa mizani. Lipeleke lori mahali penye mizani ya magari, uyapandishe magurudumu ya nyuma peke yake juu ya bamba, kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na shehena kubwa kuliko yote unayokusudia kubeba. Toa uzito wa ekseli yenyewe na matairi yake, maana hivyo vyakaa chini, havibebwi na mfuko. Tuseme, kwa mfano, mizani imeonyesha kilo 3,500 kwa shehena na kilo 1,400 kwa utupu, na ekseli pamoja na magurudumu ni kilo 500: kila mfuko utabeba kilo 1,500 lori likijaa na kilo 450 likiwa tupu. Sasa uzito huo ugawe kwa eneo ambalo upepo husukuma ndani ya mfuko. Mfuko wenye eneo la sentimeta za mraba 250, ambalo ni sawa na duara la kipenyo cha sentimeta 18 hivi, utataka shinikizo la kilo 6 kwa kila sentimeta ya mraba kwa shehena, yaani kama paundi 85 kwa kipimo cha geji za matairi, na kilo 1.8 tu, yaani paundi 26, kwa utupu. Tofauti hiyo yakufunza mambo mawili. La kwanza, usichague mfuko ambao kwa shehena yako utafika katika kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wake, kwani shimo moja la barabarani huzidisha mzigo ghafla na kikomo hicho kitapitwa; afadhali mfuko mpana wenye shinikizo la wastani kuliko mwembamba uliojazwa hata ukalia. La pili, upepo uliotosha jana kwa lori tupu hautoshi leo kwa lori lililojaa, na lazima kiwepo kitu cha kuubadilisha, ambacho tutakifikia.

Wengine huutia mfuko juu ya ekseli moja kwa moja, wengine huuweka nyuma yake, juu ya mkono mrefu ulioanzia kwenye chesisi. Ikiwa mkono una sentimeta 60 toka kiungo chake hadi ekseli na sentimeta 75 hadi mfuko, mfuko utabeba kilo 1,200 badala ya 1,500, lakini utapanda na kushuka robo zaidi kuliko ekseli yenyewe, nao unataka nafasi hiyo juu na chini. Nafuu ya uzito imelipiwa kwa mwendo. Kwa Bedford yenye matairi mawili mawili nyuma, mahali pa mifuko ni pembamba, na mifuko iliyokaribiana hulifanya lori lilale upande katika kona, basi itenganishe kadiri matairi yatakavyoruhusu, na uongeze rodi ya kuzuia kulala ikiwa sanduku la mizigo ni refu kwenda juu.

Mifuko mipya yaagizwa Dar es Salaam. Iliyokwisha kutumika hupatikana katika mabasi yaliyokatwa, na si vibaya kuinunua iwapo macho yako ni makali. Ikunjue mahali mpira unapojipinda, utazame kama una nyufa zinazoonyesha nyuzi za ndani, kwani wenye nyuzi wazi hauna thamani hata ya bure. Kisha ufunge mfuko kati ya bamba mbili za chuma zilizoshikwa kwa bolti ndefu, uujaze, uupake maji ya sabuni, uuache usiku kucha ukiwa na geji. Kamwe usiujaze mfuko uliolala huru sakafuni: kipande cha chuma kilicho katika ncha yake hurushwa kama risasi.

Sasa nimefika kwenye sehemu inayotaka akili zaidi kuliko fedha, nayo ni mikono ya kuishika ekseli. Utaratibu ulio sahali kwa gereji zetu ni wa mikono minne: miwili ya chini, mirefu, inayokwenda sambamba na chesisi toka ekseli hadi kiungo kilichoko mbele yake, na miwili ya juu, mifupi kidogo, iliyofungwa juu ya ekseli karibu na difu na kufunguka kwenda nje hata ikafanana na herufi V. Ile ya chini huzuia ekseli isikimbie mbele na nyuma. Ile ya juu, kwa kuelekea kwake ndani, huizuia isiende kando. Na zote nne pamoja huikatalia ijipinde. Kama difu, tangi la mafuta ama sanduku la lori haliachi nafasi ya V hiyo, ifanye mikono yote minne iwe sambamba, kisha uongeze rodi moja ndefu ya kukingama, ncha moja kwenye chesisi upande huu, ncha ya pili kwenye ekseli upande ule, iliyolala karibu na usawa wa ardhi lori likiwa katika kimo chake cha safari. Rodi fupi, ama iliyosimama mshazari, huivuta ekseli kando kila tairi linapopanda jiwe, na dereva hudhani usukani ndio mbovu.

Urefu wa mikono usiudharau. Mkono mfupi huichora ekseli katika duara dogo, na kila lori likizama, magurudumu husogea na difu hubadili mwelekeo. Sentimeta 60 hadi 80 kwa mikono ya chini zafaa kwa lori la kimo hiki. Baina ya kiungo cha juu na cha chini kwenye ekseli acha nafasi isiyopungua robo ya kimo cha tairi: tairi la sentimeta 88 lataka sentimeta 22, maana nafasi ikiwa ndogo, nguvu ya breki inayotaka kuipindua ekseli hugeuka kuwa kani kubwa mno katika bushi na bolti. Mikono itengenezwe kwa bomba nene lisilo na mshono, unene wa ukuta usipungue milimeta 5, na kila ncha iwe na bushi ya mpira iliyokusudiwa kwa magari mazito. Bomba la maji halitumiki hapa, hata kama fundi ataapa kwamba amelitumia kwa mtu fulani na halikukatika.

Kabla ya kufungua yubolti hata moja, lori likiwa bado juu ya springi zake na limesimama pahali sawa, pima pembe ya difu na pembe ya mahali propela inapotokea kwenye giaboksi, uziandike ukutani kwa chaki. Propela yenye krosi mbili yataka pembe hizo mbili ziwe sawa, difu na giaboksi zikitazamana sambamba. Ukiikalisha ekseli mahali papya bila kuutunza usawa huo, lori litatetemeka kwa mwendo wa kilometa 60, na krosi zitakufa moja baada ya nyingine, ukanunua na kununua bila kuiona illa. Pima vilevile umbali toka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili, na kimo cha chesisi toka ardhini. Vipimo hivyo ndivyo hakimu wako siku ya kufunga.

Chesisi ya Bedford ni ya bamba lililokunjwa kama herufi C, na ustahimilivu wake umo katika kingo za juu na za chini. Kingo hizo zisitobolewe wala zisichomelewe kwa kukingama, kwa sababu ufa huanzia pale pale, na hukata chesisi nusu kwa nusu katika muda usioudhania. Vishikio vya mikono na vya mifuko vitengeneze kwa bamba la milimeta 8 au 10, uvifunge ubavuni, penye bamba la wima, kwa bolti ngumu zenye alama ya 8.8 ama zaidi, ukiweka bamba la kuongeza nguvu ndani. Mahali mfuko unaposukuma chesisi juu, pitisha chuma cha kukingama toka ubavu mmoja hadi wa pili, kwa kuwa springi za zamani ziligawa uzito katika ncha mbili zilizo mbali, nawe sasa wauleta wote katika nukta moja. Juu ya ekseli, tumia vikalio vile vile vya springi na yubolti zake kuyashika mabamba mapya, wala usichomelee mwili wa ekseli ila pale isipowezekana vinginevyo. Ikilazimu, vuta shafti za ndani, chomelea vipande vifupi vifupi kwa zamu, kushoto na kulia, ili joto lisiikunje. Na waya wa betri uuondoe kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa. Masasi na Ndanda hakukosekani wachomeleaji wa kuaminika, na wapo waliolelewa katika karakana za Wabenediktini, walioko Ndanda tangu mwaka 1906. Mlipe mchomeleaji wa namna hiyo ujira wake kamili, hata kama kazi nyingine zote wazifanya mwenyewe.

Mfuko wenyewe, ukiisha kufungwa, usiguse kitu. Ukijaa hutanuka, basi uachie vidole viwili pande zote, mbali na tairi, bolti na mpira wa breki, na bomba la moshi liwe mbali nao si chini ya sentimeta 15, likiwa na bamba la kukinga joto. Weka mpira mgumu wa kugotea utakaoipokea ekseli kabla mfuko haujabanwa hata mwisho, na shokapu ama mnyororo utakaoizuia ekseli isishuke hata ikauvuta mfuko. Shokapu za zamani hazitatosha, maana msuguano wa vyuma bapa uliokuwa ukizisaidia umekwisha. Tafuta zenye nguvu zaidi, uzisimamishe karibu na wima. Mpira wa breki nao, kama mwendo wa ekseli umeongezeka, urefushwe.

Upepo wautoa wapi? Kompresa ya umeme ya volti 12 yatosha, ikiwa na mtungi wa lita 10 hadi 20, valvu ya kuuzuia upepo usirudi nyuma, valvu ya usalama, na swichi ya kuizima shinikizo likitimia. Mahali pa kuvutia hewa pawe juu, ndani ya kichwa cha lori, penye chujio, kwa sababu vumbi la uwanda wa Makonde ni jembamba na huingia popote palipo na tundu. Chini ya mtungi weka koki ya kutolea maji, uifungue kila asubuhi wakati wa masika. Mpira wa kupitishia upepo uwe ule wa nailoni utumiwao katika breki za upepo, uliofungwa mbali na kingo kali. Kama lori lako lina breki za upepo, jambo ambalo si la kawaida kwa Bedford ndogo, weka valvu inayokwenda kuilisha mifuko baada tu ya mtungi wa breki kushiba, ili mfuko ukitoboka usiinyang'anye breki pumzi yake.

Kila mfuko uwe na njia yake. Kuna wanaoiunganisha miwili kwa mpira mmoja ili kupunguza gharama, na lori likiingia kona, upepo hukimbia toka mfuko uliolemewa kwenda ule mwepesi, upande mmoja ukazama na mwingine ukainuka, pale hasa dereva asipotaka. Weka valvu mbili za kupima kimo, kushoto na kulia, kila moja ikiwa na rodi fupi iliyoshikwa na ekseli: sanduku likishuka kwa shehena, valvu huingiza upepo; likipanda, huutoa. Valvu hizi zapatikana kwa wauza vipuri vya mabasi, nazo ndizo zinazotoa jibu la lile suala la paundi 26 na 85. Swichi za mkono zapendeza kwa kuonyesha rafiki, lakini dereva aliyechoka husahau.

Siku ya kulijaribu, ninakusihi usiingie chini ya lori linaloshikwa na upepo peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Chesisi ikae juu ya stendi za chuma. Lijaze, lishushe, uone kama lori lililokosa upepo kabisa lakaa juu ya mipira ya kugotea bila matairi kugusa sanduku. Kisha nenda toka Nanganga hadi Ndanda kwa mwendo wa upole, lori tupu, ukishika breki mara kwa mara mahali pasipo na watu; ikivuta upande, rudi kwenye vipimo vya ukutani. Baada ya hapo pakia nusu, halafu shehena kamili, na mwisho ndipo upande kwenda Newala, ambako mlima, kona na mchanga vitakuambia lolote ambalo lami ilificha. Kaza bolti zote tena baada ya kilometa 100, na tena baada ya 500.

Mabadiliko ya namna hii si ya kufichwa. Mwone mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani kabla ya kuliingiza lori kazini, ukiwa na michoro yako na risiti za vipuri. Na upepo haukuongezei idhini ya uzito: ekseli moja yenye matairi manne haivuki tani 10 katika barabara zetu, na ekseli ya Bedford ndogo huchoka mbali kabla ya hapo, hata kama sanduku limekaa sawasawa na macho hayaoni kwamba limezidiwa.

Ndani ya kichwa cha lori weka kipande cha mpira wa upepo chenye viungo vyake, chupa ya maji ya sabuni, jeki, mnyororo, na magogo mawili ya mti mgumu yaliyokatwa kwa kipimo cha nafasi iliyopo kati ya chesisi na ekseli lori likiwa katika kimo cha safari. Mfuko ukipasuka kati ya Newala na Masasi, kwanza toa upepo katika ule wa pili, inua chesisi kwa jeki, tia magogo pande zote mbili, uyafunge kwa mnyororo yasiruke, kisha uende hadi gereji kwa mwendo usiozidi kilometa 20 kwa saa.